Miche Imedumaa au Inaanguka? Anza na Udongo wa Kuoteshea

Swali huja kwa maneno tofauti, lakini ni lile lile: "Mbegu zimeota vizuri, zimetoa majani mawili, halafu zimesimama hapo hapo. Niweke mbolea gani?" Wengine huamka asubuhi na kukuta miche imelala kama iliyokatwa kwa wembe. Wengine majani yamekuwa ya njano. Nikiomba kuona picha, mara nyingi nakuta udongo mweusi, mzito, uliolowa chapachapa ndani ya kikopo kidogo.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza huwa si mbolea. Mche wa siku kumi bado unakula akiba iliyotoka kwenye mbegu. Unachokosa mara nyingi ni hewa kwenye mizizi, na hewa hiyo huletwa au huzuiwa na udongo uliouchagua. Mwongozo huu ni wa anayeotesha nyanya, pilipili, biringanya au kabichi kwenye trei na vikopo kwa mara ya kwanza. Ukiufuata utapata mchanganyiko mmoja wa kuaminika, utaujaribu kabla ya kusia, na utahamisha miche inayoweza kuokolewa.

Kwanza hakikisha kosa ni la udongo

Usibadilishe udongo kabla ya kuutazama mche wenyewe. Mche uliorefuka, wenye shina jembamba na uliopinda kuelekea dirishani hauna shida ya udongo, unatafuta mwanga. Sogeza trei kwenye mwanga na uache udongo ulivyo. Nyanya yenye rangi ya zambarau upande wa chini wa majani mara nyingi inasikia baridi. Fosforasi inaweza kuwemo kwenye udongo, lakini mizizi iliyopoa haiwezi kuichukua.

Shina likisinyaa na kuwa kama uzi pale linapogusa udongo, kisha mche ukaanguka ukiwa bado wa kijani, hicho ni kinyausi. Huletwa na vimelea kama Pythium na Rhizoctonia, ambavyo hustawi udongo ukiwa umelowa na hewa ikiwa imetuama. Mche ulioanguka kwa kinyausi hauponi. Ung'oe pamoja na udongo unaouzunguka, kisha shughulikia iliyobaki.

Ncha za majani zikiungua na kuwa kahawia, na juu ya udongo pakawa na ukoko mweupe, chumvi zimezidi. Na mche uliodumaa, wenye majani ya njano, ndani ya chombo kinachobaki kizito siku nenda siku rudi, huo unazama.

Toa sadaka mche mmoja ulio mbaya zaidi. Ung'oe polepole, suuza mizizi, itazame. Mizizi myeupe na imara ni mizima. Mizizi ya kahawia, laini, ambayo ukiivuta ngozi inavuka na kubaki kiuzi katikati, imeoza. Kipimo hiki cha dakika mbili kitakuambia mengi kuliko kurasa kumi za ushauri.

Jambo moja la kuelewa kabla ya kuendelea

Udongo una matundu madogo yanayoshika maji na matundu makubwa yanayopitisha hewa. Ukiwa na chembe laini tupu, matundu makubwa hayapo, na kila unapomwagilia unaifukuza hewa yote. Shambani maji hushuka kwenda chini mbali. Kwenye kikopo yanafika kwenye kitako na kusimama, hata kama kuna matobo, na sehemu ya chini hubaki imelowa. Kadiri chombo kilivyo kifupi ndivyo sehemu hiyo inavyokuwa kubwa ukilinganisha na udongo wote. Ndiyo maana udongo unaootesha mahindi vizuri shambani unaua miche ya nyanya kwenye trei.

Hapo pia ndipo lilipo kosa la kuweka kokoto chini ya kikopo "ili maji yatoke". Maji hayateremki kwa urahisi kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto. Husubiri juu yake mpaka udongo ushibe. Matokeo yake ni kwamba eneo lililolowa linapanda na kuikaribia mizizi. Ziondoe kokoto. Kama unataka maji yatoke, rekebisha mchanganyiko wenyewe kuanzia juu hadi chini.

Unachohitaji

- Kitu cha msingi kinachoshika unyevu: kokopiti (unga wa makumbi ya nazi), piti, au udongo tifutifu
- Kitu cha kuufungua udongo: mchanga mnene wa mto, perlaiti, au pumba za mpunga zilizochomwa
- Mboji iliyoiva, kiasi kidogo
- Chekecheke lenye matundu ya milimita 5 hivi
- Trei au vikopo vyenye matobo, vilivyooshwa kwa sabuni
- Ndoo, kopo moja la kupimia, na kijiti chenye ukubwa wa penseli
- Mbegu chache za maharage kwa ajili ya jaribio
- Kipimo cha pH (kiwango cha uchachu wa udongo; namba ikiwa ndogo uchachu ni mkubwa), ukiweza kukipata, si lazima

Hatua

1. Chagua msingi mmoja. Hapa ndipo wengi hupotea, kwa kuwa kila mtu ana chake anachokisifia. Maoni yangu ni haya.

Kokopiti ndiyo ninayompa anayeanza. Ni nyepesi, inashika maji bila kubana hewa, na ikikauka inakubali kulowa tena bila usumbufu. pH yake kwa kawaida ni kati ya 5.5 na 6.5, ambayo miche mingi inaipenda. Ina kasoro mbili. Makumbi hubeba chumvi za sodiamu na potasiamu, kwa hiyo isiyooshwa huunguza mizizi. Pia hunyakua kalsiamu na magnesiamu unazoweka, hivyo mche unaweza kuzikosa wakati umezilisha. Tafuta iliyoandikwa kwamba imeoshwa na kutibiwa kwa kalsiamu. Na kumbuka kwamba kokopiti yenyewe haina chakula cha maana.

Piti ni mabaki ya mimea yaliyochimbwa kwenye vinamasi. Kwa asili ni chachu sana, pH 3.5 hadi 4.5, kwa hiyo inayouzwa kwa ajili ya miche huwa imeshachanganywa na chokaa. Inafanya kazi nzuri sana, ila ikikauka kabisa inayakataa maji. Anayesahau kumwagilia ataichukia.

Udongo wa shamba, ukiwa peke yake, usiutumie kwenye trei. Unashindiliwa kwa kila umwagiliaji, una mbegu za magugu, na unaweza kuwa na vimelea vya kinyausi. Kama ndio pekee ulionao, chagua ulio tifutifu na ufuate hatua ya 4 bila kuiruka. Ukitaka kuujua udongo wako, weka kiganja kimoja kwenye chupa ya maji, tikisa kwa nguvu, uache utulie. Mchanga hukaa chini ndani ya dakika chache, udongo wa vumbi hufuata baada ya saa kadhaa, na mfinyanzi huchukua siku nzima au zaidi. Tabaka la mfinyanzi likiwa nene, tafuta udongo mwingine.

Mboji na samadi si msingi. Ni kiungo. Mche uliosiwa kwenye mboji tupu huungua kwa chumvi au huzama.

2. Chagua cha kuufungua udongo. Mchanga mnene ni mzito lakini unapatikana na unadumu. Neno "mnene" lina uzito hapa: chembe ziwe kama za sukari au kubwa zaidi. Mchanga laini wa kupigia lipu huziba matundu uliyokuwa unataka kuyafungua, na mchanga wa baharini una chumvi. Perlaiti ni mawe ya kioo cha volkano yaliyopashwa moto yakafura kama bisi, mepesi na yenye matundu tele. Ilowe kabla ya kuimimina na ufunike pua na mdomo, kwa sababu vumbi lake huwasha kifua. Pumba za mpunga zilizochomwa zinafaa pia, mradi ziwe nyeusi na bado zina umbo la pumba. Zikishakuwa majivu meupe zinapandisha pH kupita kiasi.

Kuna na vemikulaiti, madini mepesi yaliyopashwa moto yakafura. Ni nzuri kwa kufunika mbegu, ila inashika maji mengi, hivyo usiitarajie kukausha udongo uliokwisha kulowa.

3. Chekecha na suuza. Chekecha mboji na udongo ili mabonge yasibaki. Mzizi mchanga hauna nguvu ya kuzunguka bonge. Kokopiti ya tofali iloweke kwenye maji ya uvuguvugu mpaka ifumuke yote. Tofali la gramu 650 hutoa lita 8 hadi 9, kwa hiyo andaa ndoo kubwa. Kama huna uhakika imeoshwa, suuza kwa maji safi, kamua, rudia mpaka maji yatoke karibu meupe.

4. Ua vimelea kama umetumia udongo wa shamba. Ulowe kidogo, uuweke juu ya wavu ndani ya pipa lenye maji yanayochemka chini yake, funika kwa gunia lililolowa. Katikati ya udongo pakifika nyuzi 82 za Selsiasi, hesabu dakika 30, kisha ondoa. Usizidishe moto kwa kudhani ndiyo usafi zaidi. Udongo uliopikwa kupita kiasi hutoa amonia na manganizi kwa wingi unaodhuru miche. Njia ya polepole ni jua: utandaze ukiwa na unyevu, ufunike kwa nailoni inayopitisha mwanga, ubane kingo, uache wiki 4 hadi 6 za jua kali. Kokopiti au piti mpya kutoka kwenye mfuko haihitaji haya yote.

5. Changanya. Pima kwa kopo, usikadirie kwa macho.

Mchanganyiko wangu wa kila siku: kokopiti sehemu 2, perlaiti au mchanga mnene sehemu 1, mboji iliyochekechwa nusu sehemu.

Kwa asiyepata kokopiti: udongo tifutifu uliopitia hatua ya 4 sehemu 1, mchanga mnene sehemu 1, mboji sehemu 1. Huu ni mzito zaidi, kwa hiyo utumie kwenye vikopo vyenye kina cha sentimita 8 au zaidi, si kwenye trei za vishimo vidogo vya kusia.

Miche ikiwa tayari inaumwa, acha mboji kabisa. Kokopiti 2 kwa perlaiti 1, basi. Mizizi iliyojeruhiwa haitaki chakula kizito.

*Tahadhari kuhusu mboji.* Niliwahi kupoteza trei nzima ya pilipili kwa mfuko wa mboji niliouziwa kuwa umeiva. Rangi ilikuwa nyeusi na nzuri, nikaamini. Tangu hapo kila mboji naifungia kwanza: nalowesha kiasi, nafunga kwenye mfuko wa nailoni usiopitisha hewa kwa siku tatu, kisha nafungua na kunusa. Harufu ya udongo baada ya mvua, naitumia. Harufu ya mkojo au ya kitu kilichochacha, nairudisha kwenye lundo.

6. Jaribu kabla ya kusia. Chukua kiganja cha mchanganyiko ulionyeshewa maji, ukamue. Ukitoa tone moja au mawili na kubaki umeshikana, kisha ukavunjika ukiugusa kwa kidole, uko sawa. Ukichuruzika, ongeza cha kufungua. Ukibaki bonge gumu, pia ongeza.

Jaza kikopo, mwagilia mpaka juu, uangalie. Maji yanatakiwa yazame ndani ya sekunde chache na kuanza kutoka chini upesi. Yakituama juu zaidi ya nusu dakika, usisie humo.

Jaribio la tatu linachukua wiki mbili hadi tatu, na linafaa kama umetumia samadi au mboji ya nyasi. Panda maharage manne kwenye mchanganyiko huo na manne kwenye udongo unaoujua. Majani yakitoka yamejikunja na kujisokota kwenye mchanganyiko huo tu, na si kwenye udongo unaoujua, kuna mabaki ya dawa ya kuulia magugu. Dawa nyingine za aina hiyo hupita kwenye tumbo la ng'ombe aliyekula majani yaliyopulizwa na kubaki na nguvu kwenye samadi. Hakuna mbolea itakayorekebisha hilo. Usiutumie mchanganyiko huo kwa nyanya.

Kama una kipimo cha pH, lenga 5.5 hadi 6.5 kwa mchanganyiko usio na udongo, na 6 hadi 7 kwa wenye udongo.

7. Jaza bila kushindilia. Kushindilia ni kosa dogo la mkono, lakini limeharibu kazi za wengi. Mimina mchanganyiko ukiwa na unyevu tayari, gonga trei mezani mara mbili, futa ziada kwa ubao. Usibonyeze kwa vidole. Mbegu ifukie kwa kina cha mara mbili au tatu ya unene wake. Nyanya na pilipili nusu sentimita hadi moja inatosha.

8. Mwagilia kwa uzito, si kwa kalenda. Inua kikopo baada ya kukimwagilia, uukumbuke uzito wake. Kiinue tena kila siku. Kikishakuwa chepesi waziwazi na juu pamebadilika rangi, hapo ndipo unamwagilia. Njia salama ni kukiweka kwenye sinia lenye maji dakika 15 hadi 30, kikinywe kutoka chini, halafu umwage maji yaliyobaki. Kikopo kinacholala ndani ya maji usiku kucha kinaifuta kazi yote ya hatua ya 1 hadi ya 7.

9. Hamisha miche inayoteseka. Fanya jioni, au kivulini. Lowesha kidogo udongo wa zamani ili uachie. Shika mche kwa jani, kamwe si kwa shina: jani likichanika litaota jingine, shina likipondeka mche umekwisha. Ingiza kijiti pembeni, inua kutoka chini, acha udongo mzito uanguke wenyewe. Mizizi iliyooza ikate kwa mkasi safi.

Toboa shimo kwenye mchanganyiko mpya, uteremshe mizizi ikiwa imenyooka. Nyanya unaweza kuizika mpaka karibu na majani ya mbegu (yale mawili ya kwanza kabisa), kwani shina lake hutoa mizizi. Kabichi pia huvumilia kuzikwa hadi hapo. Pilipili iache kwenye kina chake cha zamani. Mwagilia mara moja, weka kwenye mwanga usio mkali siku mbili au tatu.

Usiuhamishe mche wenye majani ya mbegu tu kama unaweza kusubiri. Ila kama udongo umeoza na unanuka, usisubiri.

10. Lisha kwa uchache. Kwenye mchanganyiko wenye mboji, subiri mpaka jani la kwanza la kweli lifunguke vizuri, kisha anza na robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye mbolea. Kwenye kokopiti na perlaiti tupu anza mapema kidogo, pale majani ya mbegu yanapokuwa yamefunguka kabisa, kwa robo hiyo hiyo, na chagua mbolea yenye kalsiamu na magnesiamu. Mche uliohamishwa ukiwa mgonjwa usiupe chochote kwa wiki ya kwanza.

Mambo yakienda kombo

*Kuna ukoko wa kijani juu ya udongo.* Ni mwani. Hauui mche, ila unakuambia juu hapakauki. Kwaruza taratibu, punguza maji.

*Kuna utando mweupe kama pamba.* Mara nyingi ni ukungu unaokula mabaki ya mboji, si mche. Fungua kifuniko, pitisha hewa, acha juu pakauke. Ukiona mashina yananywea pia, rudi kwenye maelezo ya kinyausi.

*Vijidudu vyeusi vidogo vinaruka kila ninapogusa trei.* Vinataga kwenye udongo uliolowa, na funza wake hutafuna mizizi michanga. Acha sentimita 2 za juu zikauke kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine, kisha tandaza mchanga mkavu juu. Kadi ya njano yenye gundi hunasa wanaoruka.

*Maji yanapita pembeni na katikati ni pakavu.* Udongo umekauka ukasinyaa na kuachana na ukuta wa kikopo. Kukimwagilia kutoka juu hakusaidii. Kiweke kwenye maji ya uvuguvugu nusu saa mpaka kiwe kizito tena.

*Mche umeota na ganda la mbegu limegoma kutoka kichwani.* Mbegu ilikuwa juu mno au udongo ulikauka wakati wa kuota. Dondoshea ganda tone la maji, subiri lilainike, lisukume kwa kijiti. Likikataa, liache mpaka kesho.

*Majani mapya ni ya njano lakini mishipa imebaki ya kijani.* Madini ya chuma hayachukuliki, mara nyingi kwa sababu pH imepanda au mizizi bado imelowa. Angalia majivu au chokaa kwenye mchanganyiko wako kabla ya kununua dawa.

*Nimehamisha, lakini majani ya zamani bado ni ya njano.* Hayo hayarudi. Tazama jani linalotoka katikati. Likiwa la kijani, mche umepona.

*Zimepita siku kumi tangu nihamishe na hakuna jani jipya kabisa.* Sia upya leo. Mbegu za nyanya huota ndani ya siku 5 hadi 10 udongo ukiwa na joto la nyuzi 20 hadi 30, na pilipili huchukua muda zaidi kidogo. Mche mpya kwenye mchanganyiko mzuri utaupita ule uliodumaa. Osha trei kwa sabuni kabla ya kuijaza tena, na udongo wa zamani umwage shambani, mbali na kitalu.